"Nimonia" Sio Jibu. Mtoto Alikuwa na Nini?

Wueh. Nimekaa na hii stori tangu Desemba na leo naimwaga yote, kwa hivyo kaa chini.

Mtoto wa dadangu alikuwa na miezi minne. Alianza na mafua ya kawaida tu, kamasi kidogo, kikohozi kidogo. Tukampaka Vicks kifuani kama vile sisi wote tulipakwa (nilikuja kusoma baadaye kwamba hata kwenye chupa wameandika isitumiwe kwa mtoto wa chini ya miaka 2, lakini nani husoma chupa?). Siku ya tatu akakataa kunyonya. Usiku huo kifua kikawa kinaingia ndani kila akivuta pumzi, mbavu unazihesabu moja moja. Tukaamsha jirani mwenye gari.

Hospitali sitaitaja. Ni ya umma, na ingekuwa ya karibu na wewe pia. Nesi wa zamu alimfungua nguo, akashika saa, akahesabu pumzi dakika nzima. 68. Kwa mtoto wa umri ule, 50 kwenda juu tayari ni haraka mno. Akamwekea kile kidude cha kidoleni kinachosoma oksijeni, kikasoma 86. Chini ya 90 ni hatari. Hakungoja mtu. Dakika kumi baadaye mtoto alikuwa na mipira ya oksijeni puani na rangi ya midomo imeanza kurudi. Huyo nesi alimwokoa mpwa wangu na kama anasoma hapa, Mungu ambariki. Hii posti haimgombezi yeye.

Asubuhi nikaona faili. "Severe pneumonia." Sindano mbili, penisilini na jentamaisini, siku tano. Daktari alikuwa kijana, pengine ananizidi miaka mitano, macho mekundu ya kukosa usingizi. Nikamuuliza, "Daktari, ni nimonia ya nini?"

Akanijibu kwa upole kabisa. "Inaweza kuwa virusi, inaweza kuwa bakteria. Hapa hatupimi."

Hatupimi. Alisema vile kondakta husema hana chenji.

Na mimi nikanyamaza, kwa sababu ukiwa wodini na mtoto wenu anapumua kwa mpira, hauko kwa mood ya kubishana. Lakini sasa mtoto yuko nyumbani, amenona, ananivuta nywele, na mimi niko kwa mood kabisa.

Nimonia ni jina la kinachotendeka kwenye mapafu. Sio jina la aliyekifanya. Ni kama polisi waje kwa nyumba iliyovunjwa, waandike kwa kitabu "wizi", wafunge kitabu, waende. Ndio, tunajua ni wizi. Nani?

Na kinachoniuma ni kwamba jibu la "nani" lilitafutwa hapa hapa Kenya. Kuna watu Kilifi, kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust, wamekuwa wakichunguza virusi vya kifua kwa watoto wanaolazwa pale tangu 2002. Wakachukua watoto waliolazwa na nimonia kali mwaka 2007, wakawapima puani, na zaidi ya nusu wakapatikana na virusi. Kirusi kimoja peke yake, kinaitwa RSV, kilikuwa kwa karibu mtoto mmoja kati ya watatu. Hayo yalichapishwa 2010. Baadaye ukaja utafiti mkubwa zaidi, unaitwa PERCH, nchi saba, Kilifi ikiwa mojawapo. Ulilinganisha maelfu ya watoto waliolazwa na maelfu ya watoto wazima wa mtaa ule ule. Matokeo yalitoka 2019. Kwa watoto wasio na HIV ambao picha ya kifua ilionyesha nimonia kweli, virusi vilikuwa chanzo kwa kama asilimia 61. RSV peke yake asilimia 31. Bakteria, wale ambao hizo sindano mbili zinawatafuta, asilimia 27.

Soma tena. Sampuli zilitoka kwa pua za watoto wa Kenya, pamoja na wengine, ndio dunia nzima ikajua RSV ndiye mkubwa wao. Halafu mtoto wa Kenya wa leo analazwa kwa wodi ya kawaida na anaambiwa hatupimi.

RSV ukiuliza watu kumi mtaani, tisa hawajawahi kuisikia, na wa kumi atafikiria ni redio. Ilhali makadirio ya 2019 ni kwamba inaua watoto kama laki moja wa chini ya miaka mitano kila mwaka duniani, karibu wote wakiwa kwa nchi kama zetu. Kwa mtu mkubwa ni mafua tu. Kwa mtoto wa miezi michache, zile njia ndogo za hewa ndani ya mapafu zinavimba na kujaa ute, na mtoto anachoka kupumua. Anachoka, yaani misuli inakata tamaa.

Sasa najua wale wa udaktari mshaanza kuandika. "Hakuna dawa ya RSV, kipimo hakitabadilisha matibabu." Nimeisikia hii mara nyingi sana, na nataka niiheshimu kwanza kabla niichane.

Ni kweli hakuna dawa ya kuua RSV. Mtoto anapewa oksijeni, maji, maziwa kwa mpira, na muda. Ni kweli pia kwamba kupata kirusi puani hakumaanishi hakuna bakteria chini kwenye mapafu, wanaweza kuwa pamoja. Na kuna virusi vingine, kama vile vya mafua ya kila siku, unavikuta puani kwa watoto wazima wanaocheza nje, kwa hivyo kuvipata hakuthibitishi kitu. Utafiti wa PERCH wenyewe ndio ulionyesha hivyo. Lakini ulionyesha pia kwamba RSV sio ya aina hiyo: kwa watoto wazima inapatikana mara chache sana. Ukiikuta kwa mtoto aliyelazwa anahema, kuna uwezekano mkubwa umemkuta mwizi na TV mkononi.

Na tena, daktari mwenye mtoto wa 86 mbele yake hana ruhusa ya kubahatisha. Akiacha sindano na iwe ni bakteria, mtoto anakufa kesho. Mimi ningekuwa yeye ningeandika sindano hizo hizo. Kwa hivyo tafadhali, usichukue hii posti ukaenda kumng'oa mtoto wa mtu kanula. Wacha daktari afanye kazi.

Lakini kusema "hakitabadilisha matibabu" ni kufikiria kwamba hospitali kazi yake ni kuandika dawa tu. Njoo nikuonyeshe kitanda.

Kitanda chetu kilikuwa na watoto wawili. Mpwa wangu upande wa ukuta, na upande wa pili mvulana wa miezi minane aliyekuja na kuhara. Hakuwa na kikohozi. Mamake alikuwa mtu mzuri sana, ananyamazisha wetu dadangu akienda kuoga, anampangusa kamasi, kisha anageuka kumlisha wake uji. Sisi pia tulifanya vivyo hivyo kwa wake. Ndivyo wodi huenda, akina mama wanakuwa familia kwa siku mbili.

Siku ya nne yule mvulana akaanza kukohoa. Siku ya tano kifua chake kikaanza kuingia ndani. Siku ya sita sisi tukaruhusiwa kwenda nyumbani, na mipira ya oksijeni iliyotolewa kwa ukuta wetu ikaunganishwa kwake. Dadangu alimkumbatia yule mama na hakuna aliyejua la kusema. Sikupata kujua iliishaje.

RSV hupitia mikononi, kwa kamasi, kwa chuma cha kitanda ambako inaweza kukaa saa kadhaa ikiwa hai. Ukiambukizwa, dalili hutokea baada ya siku nne, tano, sita hivi. Piga hesabu mwenyewe. Je, mtoto wetu alimwambukiza? Siwezi kuthibitisha. Daktari hawezi kuthibitisha. Mamake hawezi kuuliza mtu yeyote, kwa sababu kwenye karatasi hakuna kitu kinaitwa RSV, kuna mtoto mmoja wa kuhara na mmoja wa nimonia, na "nimonia" haionekani kama kitu cha kuambukiza jirani wa kitanda. Kama siku ya kwanza mtu angepitisha kijiti cha pamba kwa pua ya mpwa wangu na kikasoma RSV, ungehitaji kuwa na shahada gani ili umhamishe kwa kitanda cha mtoto mwingine mwenye RSV? Sioni kitanda kipya hapo, wala nesi mpya. Ni kupanga watoto upya tu. Na huwezi kupanga usichokijua.

Kuna vipimo vya haraka vya RSV, aina ile ile ya kipande cha plastiki kama cha malaria ama cha mimba, na jibu linakuja kwa dakika kama 15. Havishiki kila mtu kama PCR, lakini kwa watoto wadogo vinafanya kazi vizuri kuliko kwa wakubwa, kwa sababu mtoto mdogo ana kirusi kingi puani.

Halafu mtu aniambie Kenya haiwezi. Aki. Wale mliozaliwa miaka ya 2000, mnakumbuka homa yoyote ilikuwa malaria? Ukichemka kidogo, dawa ya malaria. Kichwa, malaria. Hujafanya homework, malaria. Wakati huo pia kulikuwa na watu wenye masomo yao wakisema kupima kila mtu haiwezekani. 2010 WHO ikasema kila anayeshukiwa apimwe kwanza, vile vipande vya plastiki vikaingia mpaka kwa zahanati za kijijini, na leo ukipewa dawa ya malaria bila kutobolewa kidole unashangaa. Mtoto aliyezaliwa na mama mwenye HIV hapa kwetu anapimwa kwa PCR akiwa na wiki sita, tone la damu linakaushwa kwa karatasi na kusafirishwa hadi maabara. Mashine za GeneXpert tunazo kwa ajili ya TB, na mashine hiyo hiyo ina katriji yake ya RSV na influenza. Na wakati wa Covid, manze, ulipimwa mpaka ukichoka. Pua zetu zilichokorwa ndio watu wapande ndege. Kwa hivyo ujuzi upo na mashine zipo. Pua ya mtoto maskini ndio haijawahi kuonekana kuwa na haraka.

Nataka turudi kwa sindano kidogo, kwa sababu hapa ndio naona watu hupotea. Ule mwongozo wa kuhesabu pumzi na kutoa antibiotiki haukutoka hewani. Ulitokana sana na kazi ya madaktari kule Papua New Guinea, ukaenea dunia nzima miaka ya 1980, na uliokoa watoto wengi mno. Enzi hizo bakteria wawili, Hib na nyumokokasi, walikuwa wanamaliza watoto na chanjo zao hazikuwa zimefika kwa watoto wa nchi kama yetu. Lakini Kenya imechanja watoto dhidi ya Hib tangu 2001 na dhidi ya nyumokokasi tangu 2011. Maadui hao wawili tumewapunguza sana. Aliyebaki mbele ni kirusi ambacho penisilini haimgusi hata ukimwaga ndoo. Vita imebadilika na sisi bado tunapiga risasi upande ule ule wa zamani, kwa sababu hatuna macho ya kuona upande mwingine.

Na risasi zinaisha nguvu. Bakteria sugu waliua watu zaidi ya milioni moja na laki mbili duniani mwaka 2019. Jentamaisini ikizidi inaweza kugusa figo na masikio. Sisemi mpwa wangu asingepewa siku ya kwanza. Nasema siku ya tatu, oksijeni imepanda, hana homa, ananyonya, na karatasi inasema RSV, daktari angekuwa na kitu mkononi cha kumfanya akae chini na kujiuliza kama zile siku mbili zilizobaki zina maana. Na hapa niwe mkweli: utafiti wa nchi tajiri unaonyesha kumpa daktari jibu peke yake mara nyingi hakumfanyi aache antibiotiki. Anaogopa, na ninamwelewa. Kwa hivyo kipimo bila mwongozo unaomlinda daktari anayesimamisha dawa ni doh ya kutupa. Vije vyote viwili.

Wengine mtasema, "Bro, kuna wodi hazina oksijeni na wewe unaleta vipimo." Oksijeni kwanza, sibishani, ningekuwa gavana ningeanza hapo. Lakini mnajua nani anajaza hizo wodi mpaka mipira haitoshi? Ni msimu wa RSV. Unakuja karibu kila mwaka. Kama hospitali ingekuwa inapima hata watoto kumi tu kwa wiki, ingeona wimbi likianza na kujipanga kabla mitungi iishe. Kaunti zimepewa afya tangu 2013. Zinajua siku ya mashindano ya magari ya wageni lakini hazijui wiki ambayo wodi ya watoto itafurika.

Na kuna chanjo. Watu wengi hawajui hii. Mama mjamzito anadungwa miezi ya mwisho, kinga inapita kwa mtoto tumboni, na mtoto anazaliwa akiwa na silaha kwa ile miezi ya kwanza iliyo hatari zaidi. Marekani iliiidhinisha 2023. Machi 2025 WHO nayo ikaipitisha kwa ubora, ambayo ndio hatua inayofungua mlango wa mashirika kuinunulia nchi kama zetu. Sasa fikiria kikao cha bajeti ya kaunti. Mtu anauliza, "RSV imelaza watoto wangapi kwetu mwaka jana?" Wanafungua rekodi. Sufuri. Sio eti haipo, ni kwa sababu imeandikwa nimonia, nimonia, nimonia, kurasa na kurasa. Mpwa wangu hayuko kwa hiyo hesabu. Yule mvulana wa kitanda pia hayuko. Utaombaje chanjo ya ugonjwa ambao kwenye vitabu vyako haujamlaza mtoto hata mmoja?

Nimeacha la nyumbani mwisho kwa sababu ndilo gumu.

Kama hospitali haisemi nani alifanya, familia itatafuta wa kusema. Kwetu jibu lilikuwa tayari kabla hata gari lifike hospitali: baridi. Shosho alipiga simu, "Huyo mtoto alipigwa na baridi, mamake hakumvalisha." Mathe akaongeza kwamba dadangu alimwogesha jioni. Anti mmoja akasema ni ile siku alienda naye sokoni bila kofia. Siku sita dadangu amekaa kwa kiti cha plastiki, matiti yamevimba kwa sababu mtoto hanyonyi, na kila simu inayoingia inamwambia ni wewe. Alilia chooni ndio watu wa wodi wasimwone. Akiulizwa na daktari chochote anaanza kwa kujitetea: "Lakini nilikuwa nimemvalisha sweta."

Wale watafiti wa Kilifi waliwahi kufuata familia nyumba kwa nyumba msimu mzima wa RSV, wakichukua sampuli puani kwa kila mtu mara mbili kwa wiki, waone kirusi kinamfikia vipi mtoto mchanga. Mara nyingi mtoto aliambukizwa pale pale nyumbani, na aliyekileta alikuwa ndugu mkubwa, wa kwenda shule. Hakuna sweta kwa hiyo stori.

Mwanzo wa Desemba tulifunga chuo. Nilipanda matatu saa tano nzima, madirisha yamefungwa, jamaa wa nyuma anakohoa kama trekta. Nikafika nyumbani na mafua, siku mbili tatu hivi, kitu cha kutopigia mtu simu. Na kitu cha kwanza nilifanya nikiingia ni kumbeba mtoto na kumbusu, kwa sababu nilikuwa nimem-miss na ni mzuri ajabu.

Hospitalini hakuna aliyeniuliza kama nilikuwa mgonjwa. Mimi pia sikusema. Simu za baridi zilikuwa zinaingia, dadangu anajitetea, na mimi nimekaa pale kwa benchi na tishu mfukoni.

Juzi nimeenda kwao. Jua la Nairobi la saa nane, watu wote tumevaa tisheti, na mtoto amevalishwa masweta matatu na kofia ya sufu, jasho linamtiririka shingoni. Nikataka kumvua moja, dadangu akanipiga mkono.

Siz, ukisoma hapa, nipigie.